Viungo katika Bia ya Nyumbani Baada ya Kuchachuka: Dalili, Sababu na Marekebisho

Mpishi wa bia anayeishi Tanga ana neema ambayo wenzake wa mbali hawana. Mdalasini, iliki, karafuu na pilipili manga vinavyotoka Muheza na vilima vya Amani hufika Soko la Mgandini vikiwa bado na mafuta yake, wakati wapishi wengi wa nchi nyingine hununua viungo vilivyokwisha kukaa ghalani muda mrefu. Neema hiyo huleta pia matatizo yake, kwa sababu vipimo vilivyoandikwa na watu wenye viungo vilivyochakaa hufuatwa na mtu mwenye viungo vikali, na joto la pwani nalo huharakisha kila kitu kuliko maelekezo yanavyodai.

Sababu ya kungoja bia ichachuke kwanza ni rahisi kuielewa. Harufu ya kiungo imo katika mafuta mepesi yanayoruka. Yakichemshwa pamoja na kimea huondoka na mvuke, na kiungo kikitiwa ndooni mapema harufu yake hubebwa na hewa ukaa inayotoka kwa siku zote hamira inapofanya kazi. Bia iliyokwisha kuchachuka imetulia, ina kileo cha kuyayeyusha mafuta hayo, na ukali wake wa tindikali, pamoja na hopsi, yaani maua machungu yanayotiwa katika bia, huwazuia vijidudu wengi. Kwa hiyo kiungo hubaki, na kikizidi hubaki vilevile.

Ninamsihi kila anayeanza aweke kando lita mbili za bia isiyo na kiungo kabla hajatia chochote, katika chupa safi iliyojaa hadi shingoni. Mimi huiita bia ya shahidi. Tatizo likitokea, jambo la kwanza ni kumimina shahidi katika bilauri moja na bia yenye viungo katika bilauri nyingine, zote zikiwa na ubaridi uleule, kisha kuonja kwa zamu. Ikiwa kasoro imo katika zote mbili, kiungo hakina hatia na kosa lilifanyika wakati wa kupika au kuchachusha. Ikiwa imo katika moja tu, endelea kusoma kwa utulivu. Watu wengi huruka hatua hii, wakaongeza mdalasini ili kuficha harufu iliyotokana na hamira, na mwishowe wakawa na kasoro mbili badala ya moja.

Karafuu imetawala, hakuna kingine kinachosikika

Hili ndilo kosa ninalolifahamu zaidi, kwa kuwa nililifanya mwenyewe katika ndoo ya lita 20. Nilitia karafuu kumi na tano nzima, nikaziacha siku sita, na nilipofunua mfuniko nyumba nzima ilinukia kama chumba cha daktari wa meno. Ulimi ulikufa ganzi kwa mafunda mawili. Mafuta ya karafuu kwa sehemu kubwa ni yujinoli, ambayo hadi leo hutumika kutuliza maumivu ya jino, na kiasi kidogo mno hutosha kusikika katika bia. Kwa lita 20 mimi sasa huanza na karafuu tatu, nisizidishe tano, na huonja kila baada ya saa kumi na mbili.

Karafuu ikizidi, kusubiri hakusaidii sana, maana yujinoli haipotei upesi kama harufu ya iliki au ya ganda la ndimu. Kuongeza sukari husababisha uchachukaji mpya, na kuongeza kiungo kingine hakupunguzi kile cha kwanza. Dawa ya kweli ni kuchanganya na bia isiyo na kiungo, na hapo ndipo shahidi anapokuwa na kazi ya pili. Changanya mililita 50 za bia yenye kosa na mililita 50 za shahidi, uonje; ikiwa bado ni kali, changanya 50 kwa 100. Ukiridhika na mchanganyiko wa pili, maana yake ni kwamba kila lita kumi za bia yako zinahitaji lita ishirini za bia tupu, na utaamua kama kupika tena kunafaa. Mimi nilipika tena, na sijutii.

Harufu ya karafuu ilhali hukutia karafuu

Shahidi akionyesha harufu hiyohiyo, chunguza mambo mawili. La kwanza ni hamira. Zipo hamira za bia, hasa zile za bia ya ngano ya Kijerumani, ambazo hutengeneza zenyewe harufu inayokaribiana na karafuu, na hilo si kosa hata kidogo. Lakini hamira za porini nazo hufanya hivyo, na huku kwetu mlango wao mkubwa ni chombo. Ndoo au dumu lililowahi kubeba tembo la mnazi, ambalo huchachuka lenyewe kwa vijidudu vya hewani na vya mgemani, huhifadhi hamira hizo katika mikwaruzo ya plastiki hata baada ya kuoshwa mara nyingi. Chombo cha mnazi kibaki cha mnazi. Kwa bia nunua kingine.

La pili ni maji. Ikiwa harufu si ya karafuu tamu bali inaelekea plasta ya kidonda au dawa ya kusafishia sakafu, huenda klorini iliyotiwa katika maji ya bomba imeungana na fenoli, yaani kemikali za asili zilizomo katika kimea. Hilo halirekebishiki bia ikiwa tayari. Safari nyingine chemsha maji na uyaache wazi usiku kucha, jambo linaloondoa klorini ya kawaida. Kwa maji yenye kloramini, aina ya dawa ya maji yenye klorini ambayo haiondoki kwa urahisi hivyo, tumia kidonge cha metabaisalfaiti, kimoja kikitosha takriban lita 75. Kumbuka pia kwamba ndoo iliyosafishwa kwa dawa ya madoa yenye klorini na isisuuzwe vizuri huleta matokeo yaleyale.

Kiungo hakisikiki kabisa

Kwanza jiulize bia ilikuwa na ubaridi kiasi gani ulipoionja. Bia iliyotoka tu kwenye friji huficha harufu, na bia isiyo na gesi huificha pia, kwa kuwa ni viputo vinavyopanda ndivyo vinavyoiinua harufu hadi puani. Iache bilauri mezani dakika kumi kabla ya kuhukumu.

Ikiwa bado haisikiki, tazama kiungo chenyewe. Mama mmoja anayeuza viungo Mgandini alinikuta nikichagua karafuu kwa macho, akanirekebisha. "Mwanangu, usiangalie rangi," aliniambia, "ibane kwa kucha." Nikamjibu, "Ahsante, mama," nikaibana palepale. Karafuu nzima, yenye kichwa chake cha mviringo, ikibanwa kwenye shina hutoa unyevu wa mafuta unaong'aa na kubaki kwenye kucha. Iliyokauka nguvu hutoa vumbi. Nyumbani unaweza kuitia katika kikombe cha maji: iliyo nzuri huzama au huelea ikisimama wima, na ile ambayo mafuta yake yameshakamuliwa hulala juu ya maji kama kijiti. Kwa iliki, fungua ganda la kijani utazame punje: ziwe nyeusi au za kahawia iliyokolea, na zigandamane kidogo kwa unato, punje za kijivu zilizo nyepesi hazitakupa kitu. Ganda lenyewe halina harufu nyingi, kwa hiyo iliki iliyotiwa nzima bila kupasuliwa inaweza kukaa ndooni wiki nzima na bia isijue kama ipo.

Unga wa viungo wa kwenye pakiti usiutumie. Umepoteza mafuta, huwezi kujua umechanganywa na nini, na unga wa mdalasini hasa hugeuka ute unaoning'inia katika bia na kuziba kitambaa cha kuchujia.

Sababu ya tatu ni njia ya kutia. Watu huchemsha viungo kama chai ya maziwa, dakika ishirini, ili "kuviua vijidudu", na harufu yote huishia kwenye dari ya jiko. Njia ninayoiamini ni kuviloweka katika vodka yenye kileo cha asilimia 40, iliyonunuliwa dukani na yenye lebo. Gongo isitumike: ina harufu yake, na pombe ya kienyeji iliyotoneshwa bila uangalizi inaweza kuwa na methanoli, ambayo hupofusha na kuua. Gramu 20 za mdalasini uliovunjwavunjwa katika mililita 100 za vodka, kwa siku tatu hadi tano, ukitikisa kila siku, hutoa maji ya rangi ya chai kavu yenye nguvu ya kutosha ndoo nzima. Karafuu hazihitaji zaidi ya siku moja au mbili. Kileo hicho huua vijidudu vingi na huvuta mafuta kuliko maji yanavyoweza.

Faida kubwa zaidi ni kwamba sasa unaweza kupima. Nunua duka la dawa bomba la sindano la mililita moja, bila sindano yenyewe. Weka mililita 100 za bia katika bilauri, tia sehemu ya kumi ya mililita ya maji ya viungo, koroga polepole, onja. Ongeza sehemu nyingine ya kumi, onja tena, na kati ya kuonja kunywa maji na utafune kipande cha mkate, maana pua huchoka upesi. Tuseme umeridhika kwa mililita 0.2. Ndoo ya lita 20 ina mililita 100 mara mia mbili, kwa hiyo utatia mililita 40, na vodka hiyo itaongeza kileo kwa chini ya sehemu moja ya kumi ya asilimia. Mimi hutia robo tatu tu ya hesabu hiyo kwanza, yaani mililita 30, nikangoja hadi kesho yake.

Mdomo unakauka na ulimi unakwaruza

Huu ni ukakasi, nao si uchungu wa hopsi. Unafanana na ule wa ndizi mbichi au wa bibo ambalo halijaiva vizuri. Unatokana na tanini za magome na vikonyo, na sababu yake ya kawaida ni muda, wala si kiasi. Mdalasini ni gome. Harufu yake hutoka ndani ya siku tatu za mwanzo, na tanini huendelea kutoka wakati harufu imekwisha, kwa hiyo anayeacha vijiti viwili siku kumi na nne hapati mdalasini zaidi, anapata gome. Katika joto la nyuzi 28 au 30 la chumba cha Ngamiani, mjini Tanga, mwezi wa Februari hata siku nne ni nyingi. Funga kiungo katika kitambaa cha melimeli kilichochemshwa, ukifunge kwa uzi mrefu unaotokeza nje ya mfuniko, uweze kukitoa bila kuingiza mkono.

Ukakasi ambao umeshaingia hupungua kwa jelatini, kijiko kimoja cha chai kilichoyeyushwa katika maji ya moto yasiyochemka, kikatiwa katika bia iliyopozwa kwenye friji kwa siku mbili. Jelatini hushikamana na tanini na kuzama nazo. Hauondoki wote. Wiki chache za kukaa baridi humalizia sehemu nyingine.

Bia ilifurika ndooni pale kiungo kilipotiwa

Usiogope, uchachukaji haujaanza upya. Bia iliyotulia bado imebeba hewa ukaa nyingi, na kila punje kavu yenye uso wa kukwaruza huwa mahali pa viputo kujitengenezea. Poza bia kwanza, lowesha kiungo kwa vodka, kishushe taratibu, na uache nafasi ya vidole vinne juu ya ndoo.

Povu halisimami kwenye bilauri

Mafuta huua povu. Ikiwa shahidi anasimamisha povu na bia ya viungo haisimamishi, huenda ulitia mafuta ya viungo ya chupa ndogo, ambayo hayayeyuki vizuri bali hujitenga, au ulitwanga viungo katika kinu kilichokuwa kikitwangiwa karanga au korosho. Mti wa kinu hunywa mafuta na kuyatunza kwa miaka. Nilitenga kinu kidogo cha jiwe kwa ajili ya bia peke yake, na nilipokitenga nilipona pia harufu ya kitunguu saumu ambayo ilikuwa ikinisumbua bila kujua ilikotoka. Povu likikosekana katika bilauri zote mbili, osha bilauri upya bila kuacha sabuni, na zisipanguswe kwa kitambaa cha jikoni kilichogusa nazi.

Kuna kitu kinaelea juu

Chukua tochi na kijiko safi. Mafuta ya kiungo kama iliki huonekana kama duara ndogo zinazong'aa. Ukizigusa kwa kijiko zinagawanyika, kisha zinarudiana. Hizo hazina madhara. Utando wa vijidudu ni mweupe, hauna mng'ao, una mikunjo kama malai juu ya maziwa yaliyopoa, na ukiguswa unachanika bila kurudiana. Ukiwa na utando huo na bia imeanza kuwa na ukali wa siki, hewa imeingia sana na vijidudu wanaotaka hewa wamepata makazi. Bia ambayo ukali wake wa siki bado haujapita kiasi inaweza kuvutwa kwa mpira kutoka chini ya utando, ikapozwa na kunywewa mapema. Usiitie chupani ikakae. Manyoya ya kijani au meusi ni ukungu, na bia hiyo imwagwe.

Tangawizi mbichi ndiyo mleta vijidudu mkubwa, kwa kuwa inatoka udongoni na mikunjo yake haisuguliki yote. Imenye, ikate vipande vyembamba, na uiloweke katika vodka angalau siku moja. Ukiichemsha badala yake, fahamu kwamba moto hubadilisha tabia yake: jinjeroli, yaani kiini cha ukali wa tangawizi mbichi, hugeuka vitu vingine, na ladha inayobaki si ile uliyoinusa ulipokuwa ukiimenya.

Koo linaungua

Hapa watu hulaumu tangawizi au pilipili manga bila haki. Ukali wa tangawizi na pilipili husikika ulimini na midomoni, na hukaa. Ukali unaoruka ulimi ukachoma koo na kupanda kichwani kwa joto, hasa shahidi akiwa nao pia, ni wa vileo vizito ambavyo hamira hutengeneza ikifanya kazi katika joto kupita kiasi. Hamira nyingi za bia hupenda nyuzi 18 hadi 22, na chumba cha pwani hakiwi hivyo kwa hiari yake. Weka ndoo katika beseni kubwa la maji, uivike gunia la katani lililoloweshwa, na ubadilishe chupa za maji yaliyoganda asubuhi na jioni. Gunia peke yake halitoshi kwetu, kwa kuwa hewa ya pwani ina unyevunyevu na maji hayakauki upesi kama yanavyokauka bara. Siku tatu za mwanzo ndizo za kulinda zaidi.

Chupa zina gesi kupita kiasi

Hili ni la usalama, na naomba lisomwe bila haraka. Kiungo kikavu hakina sukari ya maana, lakini tangawizi iliyosagwa ikatiwa mbichi, asali, sukari guru na sharubati yoyote ya viungo vinayo, na hamira iliyobaki itaila ndani ya chupa iliyofungwa. Kabla ya kutia chupani pima kwa haidromita, kifaa kinachoelea na kuonyesha sukari iliyobaki, siku tatu mfululizo. Kipimo kikibaki palepale, kwa mfano 1.012 kila siku, ndipo uendelee. Sukari ya kutilia gesi isizidi gramu 7 kwa lita, yaani gramu 140 kwa ndoo ya lita 20, na sukari iliyomo katika sharubati ya viungo ihesabiwe ndani ya kiasi hicho, si juu yake. Tumia chupa nene za bia, na ujaze chupa moja ya plastiki ya soda iwe kipimo chako: ikiwa ngumu kama jiwe kwa kidole, peleka zote kwenye baridi siku hiyohiyo. Chupa za glasi unazozishuku zifunike kwa gunia nene kabla ya kuzigusa, zipoze, kisha zifunguliwe moja moja ukiwa umekinga uso.

Ilikuwa nzuri wiki ya pili, sasa imepooza

Harufu ya iliki na ya mchaichai ndiyo ya kwanza kuondoka, mdalasini hufuata, na karafuu hubaki peke yake, ndiyo maana bia iliyokuwa na uwiano mzuri huweza kuonekana kuwa ya karafuu tupu baada ya miezi miwili. Ikiwa pamoja na kupooza kuna ladha ya boksi lililolowa, oksijeni iliingia wakati wa kutia viungo, mara nyingi kwa kukoroga kwa nguvu au kumimina kutoka juu. Maji ya viungo yatangulie chini ya ndoo tupu, bia ifuate kwa mpira ambao ncha yake inagusa sakafu ya ndoo, ijichanganye yenyewe inapojaa. Baada ya siku kumi au kumi na nne za kutengeneza gesi chupa zikae kwenye friji; asiye na nafasi ya chupa zote apike lita 10 badala ya 20, na zile za iliki azinywe kwanza.

Kungumanga sikuitaja, kwa sababu naitumia kwa hofu: robo ya kijiko cha chai, iliyokwaruzwa papo hapo, yatosha lita 20, na isizidishwe kwa kutafuta harufu, kwa kuwa kwa wingi ni sumu kwa mtu. Ikiwa haisikiki kwa kiasi hicho, nunua tunda jingine lililo zito mkononi na lisilo na tundu la mdudu.